Bahari ya Chaki

Vita vilipoifunga shule alikofundisha biolojia, mume wangu alibaki na kopo la chaki na tangi la kioo. Tangi hilo aliachiwa na mnunuzi wa kahawa aliyeihama Bunia mapema, kabla sisi wengine hatujajua kwamba mji ulikuwa wa kuhamwa. Akaliweka sebuleni kwetu, mtaa wa Saio, akatangaza kwamba humo ataweka bahari. Bahari kweli, yenye chumvi, yenye matumbawe na samaki wa rangi. Mimi nikalijaza maharagwe, maana panya walikuwa wengi na bahari ilikuwa mbali.

"Miye niko natafuta chumvi ya sombe," nilimwambia, majani ya muhogo yakiwa mkononi, "na weye uko natafuta chumvi ya samaki?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata pale ambapo mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuvunja.

Risasi zilipoanza kulia upande wa Nyakasanza tulilala chini, kama mji mzima ulivyolala. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na sebule ndiyo ilikuwa na kuta nene zaidi, kwa hiyo tuliishi humo. Godoro la mama mkwe wangu lilikuwa humo humo, kwenye kona. Alikuwa ametoka Djugu amebebwa kwenye baiskeli na mume wangu, nyumba yake imechomwa, na tangu hapo miguu ilikataa kumbeba.

Mchana wa risasi ni mrefu. Ukilaza shavu kwenye saruji, unaacha kujua kama ni saa nne au saa tisa. Jua liliingia kwenye nyufa za dirisha, vumbi likaelea ndani yake taratibu, na mume wangu, amelala kwa tumbo, akachora sakafuni. Mstatili ulikuwa tangi, mishale ilikuwa maji. Alinieleza kwa sauti ya chini, na mara nyingi sauti yake ilinifuata usingizini, nikaota sakafu ni ya maji na mimi naelea juu yake, sina uzito, sina njaa.

Kazi ngumu si samaki, alisema, ni mwendo wa maji. Maji ya bahari yakisimama yanaoza. Lazima pampu iyasukume bila kupumzika, juu yatetemeke ili yavute hewa, chini pasiwe na kona ambapo uchafu unaweza kulala. Lakini pampu isimlenge tumbawe uso kwa uso, itamchubua nyama. Kwa maana tumbawe ni mnyama, ingawa ukimwona utasema ni jiwe. Hakimbii. Anakaa mahali pamoja maisha yake yote, na maji ndiyo yanamletea chakula.

"Nyama yenye haikimbii?" nilimwuliza. "Itafanya nini huku Bunia?"

Kule kwenye godoro mama mkwe akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka tangu alipofika kwetu.

Pampu hatukuwa nayo, wala umeme wa kuiendesha. Tulikuwa na beseni la maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Mume wangu alipanga humo vipande vya tofali badala ya matumbawe, akanyunyiza pumba za mahindi ziwe uchafu, akachukua kikonyo cha jani la papai, kile chenye tundu katikati, akapuliza majini kutoka upande mmoja. Pumba zikaenda moja kwa moja hadi ukingo wa pili, na nyingine zikajificha nyuma ya matofali, zikalala. Akahamisha matofali, zikalala tena. Alihamisha na kufuta na kuchora upya, mpaka ukimya wake ukaanza kunitisha kuliko bunduki.

Jirani yetu ndiye aliyeona kosa. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, nyumba yake ya mbao, na risasi zilipokaribia alikuja na mkewe kulala chini pamoja nasi. Aliwahi kufuata mizigo yake hadi bandari ya Mombasa, akakaa huko akiitazama bahari. Aliutazama ule mchoro, shavu lake karibu na mishale.

"Prof, hii haiko bahari," alisema. "Hii ni mutoni."

"Namna gani?"

"Maji yako iko naenda tu. Ya bahari inaenda, inarudia. Inaenda, inarudia. Haichoke."

Tukatazamana. Sisi ni watu wa milima. Maji yote tuliyoyajua, ya Nyamukau, ya Shari, ya mto Ituri wenyewe, yalitoka juu yakaenda chini, na hakuna aliyewahi kuyaona yakirudi. Tulikuwa tumeweka mto ndani ya kioo na kuuita bahari. Mume wangu aliufuta wote kwa kiganja, akawa mweupe hadi kwenye viwiko.

Safari hii vikonyo vilikuwa viwili. Yeye alipuliza upande wake, akanyamaza, nikapuliza mimi wangu. Pumba zikainuka, zikazunguka matofali, zikapotea na kujitokeza, hazikujua pa kulala. Vichwa vyetu vilikuwa karibu kugusana juu ya beseni. Nilimpenda sana mchana ule, nikasahau kabisa kwamba mji ulikuwa unapigwa.

Jioni jirani akasema wao wataondoka alfajiri, kwa miguu, njia ya Komanda kuelekea Beni. Akasema twende pamoja.

"Weye enda," mume wangu akaniambia. "Miye nitabakia na mama."

Baiskeli ilikuwa imekwisha kuporwa, na hakuna aliyeweza kumbeba mtu mzima mgongoni hadi Beni. Nilijua hayo yote na bado nilikasirika. Nilitaka kuondoka. Nilikuwa na woga, na nilitaka kuondoka na mume wangu. Nikamwambia hivyo kwa mnong'ono uliosikika chumba kizima.

Jirani alipogonga mlango alfajiri, mama mkwe alikuwa macho.

"Muende bote, mutoto yangu," alisema. "Miye niko sawa ile nyama ya mawe. Nitakaa tu. Maji italeta chakula."

Nilimgeukia mume wangu. Yule mtu wa kucheka alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Hasira ikanipanda tena, lakini ilikuwa imebadili njia.

"Mama, maji ile ni nani, kama haiko siye?" nikamwuliza. Nikafungua mlango nusu, nikamwambia jirani waende, Mungu awatangulie, sisi tunabaki wote.

Niliporudi nilikuwa nangoja shukrani, sifichi. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta, na aliponitazama macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosewa.

"Nilikuwa na woga ya mutu moja," alisema. "Mutu muzee, haina neno. Sasa umenipatia woga ya batu batatu."

Sikuwa nimewaza hivyo. Nikakaa chini kando ya godoro lake, kwa sababu alikuwa amesema kweli.