Zungusha Kwanza, Ndipo Uvute

Nilikuwa fundi wa redio, tena fundi mwenye kicheko. Shule niliiacha katikati ya sekondari, karo ilipokosekana, nikaweka meza yangu chini ya bati ubavuni mwa nyumba yetu, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi. Juu ya meza nilikuwa na chuma cha kuchomelea, bisibisi chache, kopo la skrubu, na ndoto ambazo hazikuenea pale. Niliwaza kwamba siku moja nitasimamisha mnara wa televisheni juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, watu wa kwetu Sandoa, mwisho wa mkoa wetu, watazame sinema huku wanamenya mihogo. Mama yangu akinikuta nimeduwaa, chuma kinapoa mkononi, alisema:

"Weye, kichwa yako iko na antena. Leo inashika wapi?"

"Inashika mbali, mama."

"Basi iulize kama kule batu banakulaka."

Tulicheka sana siku zile, ingawa mgodi wenyewe ulikuwa unakufa. Mashine kubwa za kuchimba zilisimama shimoni zikiliwa na kutu. Mshahara wa baba ulianza kuchelewa, kisha ukaacha kuja kabisa. Halafu yakaja maneno mengine, kwanza redioni, kisha sokoni, kisha midomoni mwa vijana niliocheza nao mpira: watu wa Kasai warudi kwao.

Kwao wapi? Jirani yetu, ambaye ukuta wa jiko lake uligusana na wa kwetu, alizaliwa hapahapa kambini. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Yeye alikuwa karani wa kampuni, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na Kasai alikuwa hajaiona hata kwa picha. Mimi nilimwita Tata, kama nilivyomwita kila mzee wa rika la baba, lakini yeye nilimwita hivyo kwa moyo. Ndiye aliyenipa redio mbovu ya kwanza niifungue, na nilipomrudishia ikiwa mbovu zaidi alisema tu, "Sasa unajua mule ndani muko nini."

Ofisi yake ilipofungwa, kompyuta zilitupwa uani kama vyungu vilivyotoboka. Aliomba moja. Ilikuwa ya kizamani hata wakati ule: sanduku lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, kioo kidogo kimejengewa humohumo, na printa iliyolia kama kinu cha kusaga mahindi. Kwa sanduku hilo aliandika programu za misa na kadi za harusi za kambi nzima. Sasa yeye na watu wa nyumba yake walikuwa wameamriwa waende stesheni kungoja treni, na alikuwa amekata shauri: kompyuta ndiyo itakayowalisha huko waendako. Ataweka meza karibu na kanisa, awaandikie watu.

Tatizo lilikuwa uzito. Behewani kila familia ilipata nafasi ya watoto wake, masufuria, matandiko, na kitu kimoja kizito. Ukizidisha, vijana waliokaa kwenye njia ya stesheni walikupunguzia wenyewe. Na mke wa Tata alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, aliyoachiwa na mama yake. Ugomvi wao ulitufikia kupitia ukutani, sisi tukimega bukari, ugali wetu.

"Ile sanduku yako, kule umeme iko? Uliulizaka hata mutu moja?"

"Mama batoto, umeme inakosaka wapi?"

"Hapa inakosaka! Jana ilikosa!"

"Mutu ya kuandika hakosi kazi."

"Na mutu ya kushona? Batu kule banatembeaka uchi?"

Tata alishinda, kwa sababu alikuwa baba wa nyumba. Cherehani ikaletwa kwetu, imefunikwa kitenge, aachiwe mama yangu. Wale kina mama wawili waliiweka chini katikati yao. Walishika tu kile kitenge, kila mmoja upande wake, wakikikunja na kukikunjua.

Kisha kompyuta ikaugua.

Tata aliileta mezani kwangu mchana mmoja, kwenye toroli, uso umemshuka. Niliiwasha. Badala ya picha kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa nuru, umelala katikati ya kioo kama uzi. Nikacheka kwa furaha.

"Tata, hii haikufa! Hii ni ufa kidogo tu, kule risasi ya kuchomelea inashikiaka nyaya. Ninaijua hii. Kabla chai ichemke, utakuwa na picha."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli ya Mungu."

Nilisema hivyo. Kweli ya Mungu.

Ukifungua tumbo la kompyuta ya namna ile, unakuta chupa kubwa ya kioo. Uso wake mpana ndio ule unaoutazama, na kwa nyuma chupa inakonda mpaka inakuwa shingo nyembamba kama kidole gumba. Ndani hamna hewa kabisa, na ndiyo maana picha inaweza kuruka humo. Mwishoni mwa shingo kuna vijiti vya chuma, na juu ya vijiti hivyo imevishwa soketi iliyoshikamana na kibao cha nyaya. Ili nifikie ule ufa, ilinibidi niivue soketi ile kwanza.

Chupa inaweka umeme hata baada ya kuzimwa, na hilo ndilo nililoliogopa. Nikamwambia Tata asogee kando.

"Simama kule. Hii kitu inapiganaka hata kama inalala."

"Kama mama batoto," alisema Tata, na mkewe, aliyekuwa upande wa pili wa ua akifunga masufuria kwa kamba, akasikia.

"Ninasikia, wee karani!"

Nikautoa umeme kwa bisibisi na waya. Tak! Cheche ya bluu. Tata akaruka, sote tukacheka, nami nikajua hatari imepita.

Sasa inabidi nieleze jambo la baba yangu. Maisha yake yote baba alifanya kazi ya kebo shimoni, zile kebo nene kama paja zinazopeleka umeme kwenye mashine za kuchimba. Plagi zake zilijifunga kwa kuzungushwa. Ukizivuta hivihivi hazitoki, na ukizilazimisha unaungua. Sisi watoto wa kambi tulikua tukichezea plagi zilizokufa, na baba zetu walituimbia neno lilelile: zungusha kwanza, ndipo uvute. Hakuna mtoto wa kambi yetu ambaye mkono wake haukulijua. Tulifungua hivyo makopo, bomba, hata mlango uliokwama. Mtu wa mji mwingine labda angevuta tu.

Soketi ilikuwa imegandana na gundi ya zamani na vumbi letu jekundu. Niliivuta, ikakataa. Basi mkono wangu, bila kuniuliza, ukazungusha kwanza.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu akivunja ncha ya penseli, ni hivyo tu. Kisha ikafuata nyingine, nyembamba, ndefu: sssss.

"Ni sauti gani hiyo?" Tata aliuliza.

"Ni hewa, Tata."

"Inatoka?"

"Inaingia."

Ndani ya shingo ya chupa kuna doa linalong'aa kama fedha. Nililitazama likibadilika mbele yangu, kuanzia pembeni kuelekea katikati, likawa jeupe kama jicho la samaki anayeiva sufuriani. Sauti ikakoma. Mkononi nilikuwa nimeshika soketi, na ndani ya soketi kulikuwa na kipande cha shingo.

Sijui nieleze vipi nilichofanya baadaye. Niliweka soketi chini taratibu. Nikachukua chuma cha kuchomelea. Nikautafuta ule ufa, nikauona, ulikuwa palepale nilipofikiri, nikaudondoshea risasi, nikapuliza ikang'aa. Kazi safi, pengine safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikahamia kwenye kiungo cha pili ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Masikio yangu yalikuwa yamejaa ile sssss.

Tata alinishika kifundo cha mkono.

"Unatengeneza nini sasa?"

"Ile ufa, Tata."

"Picha itarudi?"

Nikakiweka chuma mezani. Yeye akageuza kiganja changu juu, akakichunguza, kisha cha pili, kidole kwa kidole.

"Kioo haikukukata?"

Hapo ndipo nilipolia. Angenipiga ningesimama imara. Nililia kama mtoto, mimi fundi, mbele ya toroli, nikisema nitatafuta chupa nyingine, nitafungua televisheni yetu, nitakwenda Lubumbashi kwa miguu. Na wote wawili tulijua kwamba chupa ya televisheni yetu haikulingana na ile, na kwamba maduka ya Lubumbashi yalikuwa yameporwa yakabaki kuta.

Mkewe alikuja huku kamba iko bado mkononi. Akaitazama ile shingo iliyovunjika. Nilingoja aseme alilolisema kupitia ukutani siku zote zile. Alikuwa na haki. Lakini alikaa chini, akaweka mkono kinywani.

"Tata," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "sasa weye utafanya kazi gani?"

Tata alitoa kalamu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua, na nadhani ni wakati ule tu ndipo alipoelewa kwamba anaondoka Kolwezi kweli.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na cherehani kichwani, kitenge kilekile juu yake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaitua miguuni mwa mwenzake.

"Mama, beba kitu yako."

"Nilikuachia."

"Uliniachia sababu hakukuwa nafasi. Sasa nafasi iko."

Walipoondoka kwenda stesheni niliomba kuibeba mimi. Tata alikataa. Aliibeba mwenyewe begani, juu ya shati jeupe, nami nikachukua sufuria na mtoto wao mdogo. Njiani vijana walikuwa wameweka mapipa. Wengine niliwajua tangu shule ya msingi. Mmoja akagonga cherehani kwa fimbo.

"Hii tu? Tulisikia karani iko na kompyuta."

"Ilikufa," nilisema.

"Inakufa namna gani? Munaificha wapi?"

"Ni mimi niliiua. Nilizungusha shingo."

Walitazamana. "Ulizungusha? Kama kebo?"

"Kama kebo."

Wakaangua kicheko mpaka mmoja akaegemea pipa, maana baba zao pia walikuwa watu wa kebo, mikono yao ilijua. "Fundi gani weye! Fundi ya kuua!" Waliponicheka hivyo, Tata na mkewe na cherehani yao walikuwa wamekwisha kupita.

Stesheni sitaieleza yote. Watu walilala juu ya mizigo yao mpaka wakafanana nayo. Treni ilipokuja hatimaye, nilirudi kuwatafuta, nikakimbia kando ya mabehewa nikichungulia. Mkewe nilimwona kwanza, amekumbatia cherehani kama mtu anavyomshika mgonjwa. Tata alikuwa nyuma yake, amebanwa dirishani, shati limekuwa jekundu kwa vumbi. Nilipiga kelele nimwombe msamaha tena, lakini injini ilimeza sauti yangu.

Yeye aliniona. Akatoa mkono nje, akakunja vidole kama anashika ile soketi, akazungusha, akatikisa kichwa: si hivi. Akakunja vidole tena, safari hii hakuzungusha. Akavuta moja kwa moja kuelekea kwake, polepole, kwa uangalifu, kama mwalimu mbele ya ubao. Akarudia. Alingoja mpaka mimi, chini pale katikati ya watu waliokuwa wakilia, nikainua mkono wangu nikavuta hivyohivyo, bila kuzungusha.

Akaitikia kwa kichwa. Behewa likashtuka, likaanza kwenda.