Siku Niliyomkimbia Mama

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, hapa Mbeya. Nesi alipompaka spiriti begani, harufu ile ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Nesi akacheka. "Bibi, anayechomwa ni mtoto, si wewe." Nikacheka naye. Ningemwambia nini? Ile ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu. Wenzangu walikuwa na mama wanaonukia moshi na maziwa. Wangu alinukia spiriti na sabuni ya mche, hata Jumapili akiwa na gauni lake la kanisani.

Mama alitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Alisomea unesi hukohuko, akaolewa na baba, dereva wa malori, akaletwa Iringa. Miaka ya hamsini ilipoanza, baba alikuwa ameshafariki. Ndugu za mama walimwandikia arudi kwao. Akakataa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza shule.

Alikabidhiwa kliniki ya watoto wachanga, banda la bati upande wa kuteremkia barabara ya Kilolo. Kila Alhamisi wanawake walikuja na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri kwenye baridi ile ya Iringa. "Kamwene, Sista!" walimsalimu kwa Kihehe, naye aliitikia kwa lafudhi yake ya kigeni, wakacheka, akacheka nao. Alimjua kila mtoto kwa jina na kwa uzito. Akimweka mmoja kwenye mizani alimwimbia kidogo kwa lugha ya kwao, na mimi niliyekuwa mlangoni nilinuna. Nakiri, niliwaonea wivu watoto wasio na meno.

Nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, na binti yake, Mwanahawa, ndiye aliyetawala mchezo wa rede pale mtaani. Siku moja alinitoa mchezoni.

"Mtoto wa Mnyasa hachezi. Nenda kacheze kwenu!"

Wote wakacheka. Mimi na hasira zangu nikaropoka.

"Haya, nichokozeni tu. Mama yangu ana damu za watu kwenye chupa. Nikimwambia, atawanyonya mmoja mmoja."

"Mwongo!"

Nikawachukua hadi chumbani kwetu, mama akiwa kazini. Nikavuta sanduku lake uvunguni, nikatoa chupa ya dawa nyekundu ya vidonda, nikaitikisa mbele ya macho yao. Walitoka mbio, mmoja akaacha kiatu.

Msisahau, siku zile watu wazima na akili zao waliogopa mumiani, wale waliosemekana kuwanyonya wenzao damu ili ikatengenezwe dawa. Mgeni mwenye sindano alikuwa ameshakuwa nusu mumiani hata kabla sijafungua mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimepata cheo. Rede nilianza mimi, na mapichesi yaliyoiva nililetewa mimi. Utamu wa kuogopwa sijausahau mpaka leo, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Alhamisi iliyofuata wanawake walikuja wachache. Alhamisi ya pili hakuja hata mmoja. Mama alirudi kabla ya saa sita, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Labda kuna msiba mahali," alisema. Mimi nikajifanya napuliza moto.

Kisha zikaja habari za ndui vijijini, ikabidi watu wachanjwe. Jumbe, mkuu wa eneo letu, akawakusanya wanawake pale kliniki. Walikuja, ila walisimama mbali, wamewaficha watoto nyuma ya migongo yao. Mama alikuwa ameshasikia anaitwaje. Akanishika mkono akanisimamisha mbele yao.

"Huyu ni mtoto wangu wa pekee," alisema. "Naanza naye. Mkiona nimemnyonya damu, nifukuzeni leo hii."

Akanikunja mkono wa gauni, akanipaka spiriti. Mwanahawa alikuwa pale na mama yake, ananitazama. Nilijua kabisa, nikitulia mama atasalimika na kazi yake, na mimi nitaonekana mwongo.

"Tulia, mwanangu," mama aliniambia taratibu. "Ni kidogo tu."

Nikauchomoa mkono wangu. "Sitaki! Usininyonye!" Nikakimbia.

Nyuma yangu nilisikia sauti ya mama yake Mwanahawa. "Mmeona? Hata mwanawe anamjua!" Halafu vishindo vya miguu, wanawake wote wakitawanyika na watoto wao.

Aliletwa mtu mwingine kuwachanja. Haukupita mwezi, sisi tulikuwa juu ya lori tunakwenda Mbeya. Huko mama alipangiwa wodi ya wanaume, kufunga vidonda, na hakupima tena mtoto mchanga mpaka alipostaafu. Mimi alinisuka nywele, alinishonea sare, aliniamsha kila asubuhi kwa uji wa karanga. Hakunigombeza hata mara moja kwa kumkimbia.

Nilikaa na jambo lile mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kumwogesha, nami nikamwambia yote, kuanzia rede.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ileile. Mtoto anayeogopa kuchanjwa huangalia mkono wake. Wewe ulimwangalia Mwanahawa."

Akaendelea kumsugua mtoto mgongo.

"Daktari aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi alishasikia kwamba maneno yametoka kwa watoto. Akataka nimtaje aliyeyaanzisha, aje aseme mbele ya wale akina mama kwamba alidanganya, nami nibaki na kliniki yangu. Nikamwambia simjui, anihamishe tu."

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa na miaka tisa. Wangekuita mwongo mpaka unaolewa. Mimi mgeni, wangenisema mwaka mmoja wakachoka. Mshike kichwa vizuri, maji yatamwingia sikioni."

Nikamshika mtoto kichwa. Miaka yote ile nilidhani siri ni yangu, na kwamba nateseka peke yangu kuitunza. Nilikuwa sijui mama anajinyima nini kila asubuhi alipovaa sare yake kwenda wodi ya wanaume. Alikubali kuitwa mumiani ili mimi nisiitwe mwongo. Na mwongo nilikuwa mimi.