Bunduki ya Elinami na Skrubu ya Mbele

Bunduki ya upepo iliyotiwa mafuta kupita kiasi, ukiifyatua, hutoa moshi mwembamba wa buluu na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: mafuta yaliyoungua kidogo, ngozi iliyopashwa moto, na chuma. Mwezi uliopita mkulima mmoja wa Maore aliniletea yake hapa Same, kwenye kibanda changu cha kutengeneza cherehani. Wanaoleta cherehani huleta pia vitu vingine vyenye springi, na mimi sijawahi kukataa kitu chenye skrubu. Nilipoifyatua mara moja kwenye gunia la pumba, harufu ile ikanijaa puani, na yule mkulima akaniuliza swali wanaloniuliza wote: "Mama, hizi za shabaha, zilizotengenezwa kwa vipimo, zinahimili kweli mikikimikiki ya porini?"

Kwa zaidi ya miaka thelathini jibu langu lilikuwa moja: hazihimili. Nilikuwa na ushahidi, tena wa maandishi. Ngoja niwaeleze niliupata wapi ushahidi huo, na kwa nini safari hii sikulitoa jibu lile.

Nimezaliwa Vudee, ambako ukungu hukaa kwenye migomba mpaka saa nne asubuhi. Nyumbani kulikuwa na bunduki ya upepo ya baba, ya zamani. Mtutu wake ulikuwa umepauka, kitako kilikuwa na ufa uliofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na skrubu zake nilizikaza kwa sarafu ya senti ishirini, maana bisibisi hatukuwa nayo. Ilikuwa inakosea. Kwa hatua ishirini, risasi ilikwenda kulia, upana wa vidole vinne. Lakini ilikosea hivyohivyo kila siku, kwa hiyo nililenga vidole vinne kushoto, na mambo yakaisha. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila risasi: umbali, upepo, imepiga wapi. Mwalimu wa hesabu aliliokota siku moja, akadhani ni kazi ya nyumbani ya mtoto wa darasa la juu, akaniwekea alama ya vyema kurasa mbili nzima.

Kazi ya bunduki ile ilikuwa kanga. Kama familia nyingi za milimani, tulikuwa na shamba la pili tambarare, upande wa Makanya, na kanga wa kule walikuwa na desturi ya kuja alfajiri kufukua mahindi yaliyoota jana. Wanafuata mstari kama watu waliopewa zamu. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, akanichukua mimi. Tulishuka kwa miguu mwendo wa saa nne, kutoka kwenye baridi mpaka kwenye vumbi jekundu, na makande kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Kule tulikaa mgongo kwa mgongo juu ya jiwe bapa katikati ya shamba, yeye akitazama maawio, mimi machweo. Baba hakuwa msemaji. Lakini nilisikia pumzi yake kwenye mbavu zangu, na kanga walipotokea upande wangu alinisukuma kidogo tu kwa bega, maana yake: wako. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka zaidi ya nafasi ile kwenye jiwe lile.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Elinami akaja kukaa kwetu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga. Baba mkubwa alikuwa amefariki, miezi minane ilikuwa imepita, na Elinami alileta sanduku la nguo na sanduku jingine refu. Ndani ya hilo refu, ndani ya kitambaa cha kijani, ilikuwamo bunduki ya upepo ambayo marehemu aliachiwa na bosi wake wa kizungu. Bosi yule hakuwa mwindaji. Alikuwa anapiga karatasi zenye miduara, kwa kushindana na wenzake.

Sijawahi kuona kitu kilichonikera kwa uzuri wake namna ile. Mti wa kitako ulikuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo. Macho ya kulengea yalikuwa na gurudumu dogo lenye namba, ukiligeuza linalia ti, ti, ti. Ukikunja mtutu, springi ilinasa kwa sauti ndogo ya heshima, wakati yetu ilinasa kama mlango wa zizi. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, Elinami aliweka kizibo cha soda juu ya jiwe, akahesabu hatua ishirini, akakipiga. Akaweka kingine, akakipiga. Watu waliotoka kanisani wakasimama uani kwetu na vitabu vyao vya nyimbo mkononi.

"Namkunda," akaniita mzee Yafeti, jirani yetu, ambaye shamba lake la tambarare lilipakana na letu. "Naona umestaafishwa. Utalipwa kiinua mgongo cha kuku au cha maharage?"

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kusema.

"Marahaba. Sasa baba yako amepata kijana wa kubeba bunduki."

Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni lile nililoliona jioni. Baba, ambaye hakuwa na subira hata ya kusubiri chai ipoe, alipiga goti nyuma ya Elinami, akamshika kiwiko cha kushoto kwa kiganja chake chote, akamwambia karibu na sikio: "Vuta pumzi. Toa nusu. Usiivute, ibonyeze." Elinami alikuwa amepiga vizibo vyake sita bila msaada wa mtu. Nilisimama mlangoni na karai la majani ya ng'ombe, nikawatazama mpaka giza likaingia.

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na mahindi yakaota likizo ya Desemba. Baba akasema: "Safari hii nitashuka na Elinami." Nililia mpaka mama akaingilia. "Wachukue wote," akamwambia. "Mmoja arudi Jumapili na mzee Yafeti, nahitaji mtu siku ya zamu yetu ya maji. Utajionea mwenyewe wa kubaki ni nani." Maji ya ndiva, bwawa la ukoo wetu la kumwagilia, yalifunguliwa kwa zamu, na mfereji ulihitaji mikono miwili ya ziada. Mimi nilisikia neno moja tu: kubaki. Anayepiga ndiye atakayebaki wiki nzima na baba. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na sikumuuliza mtu.

Tulishuka Ijumaa. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya tambarare, Elinami aliteleza. Hakuanguka, lakini bunduki ilimponyoka begani, ikashukia kitako juu ya mwamba, ikalala ubavu kwenye mchanga. Akaiokota, akapuliza mchanga, akatazama macho ya kulengea, akageuza gurudumu, ti, ti, akaridhika. Mimi nilitazama mahali pengine. Nilijua bunduki zinaumia wapi. Mtutu haukuwa na neno. Macho hayakuwa na neno. Lakini kwa mbele, pale mti unaposhikana na chuma kwa skrubu moja, kulikuwa na mwanya mwembamba, unene wa ukucha. Bunduki yenye mwanya pale inacheza ndani ya mti wake kila springi inaporuka, na haikosei upande mmoja. Inakosea kila upande.

Sarafu ilikuwa mfukoni. Nikaiacha mfukoni.

Jumamosi alfajiri kanga walikuja kumi na wanne. Elinami akalenga, akakosa kushoto. Akageuza gurudumu, akakosa juu. Akageuza tena, akakosa kulia, na risasi ikarusha vumbi karibu na punda wa mzee Yafeti.

"Hiyo ni ya kuwinda hewa!" mzee Yafeti akapiga kelele kutoka shambani kwake. "Na hewa yenyewe inakimbia!"

Mimi nikalenga vidole vinne kushoto, na kanga mmoja akalala. Jioni nikampata wa pili. Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Baba alimshika kanga wa pili kwa miguu, akampima uzito, akasema, "Vizuri, Namkunda." Kisha akaenda kupiga goti nyuma ya Elinami.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kuharibika. Kila Elinami alipokosa, baba alirudi pale. Kiwiko. Pumzi. Toa nusu. Na kwa kuwa mimi nilikuwa najua, baba aliniambia nikalinde kona ya chini, karibu na korongo, peke yangu. Juu ya jiwe bapa alikaa na Elinami. Nikiwa kule chini niliiona migongo yao miwili ikigusana.

Jumapili asubuhi baba akawafunga kanga wangu wawili kwa kamba ya mkonge, akanikabidhi. "Mpelekee mama yako. Utarudi na mzee Yafeti."

"Lakini baba, mimi ndiye niliyepiga."

"Ndiyo maana," akasema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Wewe unatosha. Huyu bado."

Nawaambieni kitu ambacho sikumwambia hata mume wangu kwa miaka mingi. Wakati baba anaongea na mzee Yafeti, niliingia kwenye kibanda cha shambani tulimolala, nikaichukua bunduki ya Elinami, nikatoa sarafu yangu na kuikaza skrubu ya mbele mpaka mwanya ukafungika kabisa. Mtu angeona angesema ni mtoto mwema. Nilifanya kwa wivu mtupu. Nilitaka apige. Nilitaka apige kesho yake tu, kanga watatu, wanne, ili baba amwone na yeye anatosha, amwache, asimame, aende akakae peke yake korongoni.

Nikapanda mlima na kanga wawili wananigonga mapajani na mzee Yafeti nyuma yangu akiimba.

Walirudi wiki iliyofuata. Hawakuwa na kanga hata mmoja. Robo ya mahindi ya kona ya chini ilikuwa imefukuliwa, na baba, mtu aliyekuwa akinuna kwa mche mmoja uliokanyagwa na mbuzi, alikuwa anacheka na Elinami kuhusu jambo ambalo hawakulieleza. Nilijificha nikaikagua bunduki. Mwanya ulikuwa umerudi, unene uleule. Nikafungua daftari nikaandika: *Skrubu ilikazwa Jumapili. Imelegea ndani ya siku sita. Bunduki ya shabaha haifai porini.* Nikapiga mstari chini, kwa rula.

Mstari ule ndio niliouishi. Nilipojifunza ufundi, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuvunja vitu vya watu, niliushikilia. Wateja wakiniuliza, niliwaambia wanunue ile ngumu, ya kawaida, inayokosea upande mmoja. Nimewazuia watu wengi kununua bunduki nzuri, na nilikuwa naeleza kwa utulivu wa mtu aliyefanya majaribio.

Desemba iliyopita tulikutana Vudee, kama kila mwaka, watoto na wajukuu. Elinami ana mvi sasa kunishinda. Tulikuwa tumekaa ukutani tukimenya ndizi, na nikaona umri umefika wa kusema. Nikamwambia habari ya kijito, mwanya, sarafu. Nikamwomba radhi kwa siku ile aliyochekwa na mzee Yafeti.

Akaacha kumenya. "Mwanya niliuona palepale kwenye kijito," akasema. "Mimi ni mtoto wa fundi, Namkunda."

"Sasa mbona hukuikaza?"

"Nilikuwa nataka kuikaza jioni. Halafu nikakosa ile ya kwanza, na baba mdogo akaja." Akatazama ndizi mkononi mwake. "Jumapili ulipoondoka nilipiga jiwe, nikapiga tena, risasi zinagonga mahali pamoja. Nikajua ni wewe. Nikailegeza tena. Kila jioni, baba mdogo akienda kuokota kuni, naikaza nipime kama bado nzima, asubuhi naifungua kwa ncha ya kisu."

Nikacheka, kisha nikaweka kisu chini, kwa sababu daftari langu lote lilikuwa linabomoka kichwani mwangu. Bunduki ile haikuwa na kosa. Ilipigwa kwenye mwamba, ikalazwa mchangani, ikabebwa kwenye ukungu na kwenye vumbi wiki nzima, na kila mara skrubu yake ilipokazwa ilipiga mahali pamoja. Ilihimili. Nimewadanganya watu wa Same kwa miaka thelathini na kitu, kwa mwandiko mzuri.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikamuuliza. "Wiki nzima, pale juu ya jiwe."

"Habari za baba yangu. Walivyokuwa watoto, walivyoiba miwa. Akimaliza moja nakosa, anaanza nyingine." Akarudi kwenye ndizi yake. "Na wewe alikuwa anakutaja. Alisema Namkunda sina wasiwasi naye."

Alinipa maneno hayo kama zawadi, na nayajua ni zawadi. Baba hayupo tena kuniambia mwenyewe. Utotoni nilidhani nafasi ya karibu hupewa anayefanya vizuri, na nimekuwa nikifanya vizuri tangu hapo. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini, nina kibanda changu, watoto wangu wamesoma, na mbele yangu alikaa yatima aliyehitaji wiki ile kuliko mimi, nami nalijua hilo kwa akili zangu zote. Hata hivyo, kama ningeweza kumnyang'anya siku moja tu kati ya zile sita, hata siku ya mvua, ningemnyang'anya.