Kinyago cha Shule ya Mwisho

Shida zangu zilianza mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, huko Newala. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alifunga kazi zake kwenye gunia, akaenda kuziuza Dar es Salaam, akapotelea hukohuko. Mama akanitoa darasa la tatu nikamsaidie shamba la mihogo. Kwa hiyo elimu yangu naijua ilipoishia: ukurasa wenye picha ya jogoo. Wa mbele yake sikuugeuza.

Nikaja mjini kufanya kazi za ndani. Mdomo wangu ukanifukuzisha, nikaenda Kunduchi kuponda kokoto kwa nyundo. Nimeponda mpaka nikapata kiwanja Madale, enzi hizo Madale pori tupu, na watu wakanicheka kwamba nimenunua nyani. Siku hizi haohao wananiuliza kama nina kipande cha kuuza. Sina.

Haya nayasema mapema ili msomaji ajue kwamba anayezungumzia shule hapa si mtaalamu wa shule. Kwenye kamati ya shule niliingia kwa sababu kokoto za madarasa mawili zilitoka kwangu, na mtu aliyetoa kokoto haulizwi cheti.

Shule yenyewe ya msingi iko ng'ambo ya korongo. Zamani ilikuwaga moja. Watoto walipojaa mpaka wakawa wanakaa chini, wakubwa wakaigawa mara mbili bila kuongeza hata dirisha. Madarasa ya upande wa barabara yakawa shule moja, ya upande wa korongo yakawa nyingine. Uwanja ni uleule, bomba lilelile, na kengele ni rimu ileile ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Kilichoongezeka ni mwalimu mkuu wa pili. Sie tukawa wa korongoni, wao wa barabarani, na watoto waliokuwa wakikinga maji pamoja wakaambiwa kuanzia leo nyie ni wapinzani.

Kuna mtihani unaitwa ujirani mwema. Shule za kata zinautunga pamoja, zinaufanya siku moja, zinasahihishiana. Jina limekaa vizuri. Matokeo yakitoka, jirani anampita jirani kama hamjui.

Mwalimu mkuu wetu, kijana wa watu kutoka Bukoba, mpole, alitueleza wanakamati jinsi shule inavyopimwa. Alama za watoto wote wa darasa la saba zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi yao, inatoka namba moja inaitwa wastani. Namba hiyo ndiyo shule. Nikamwuliza kama ndani ya hiyo namba yumo yule mwalimu mmoja anayefundisha hesabu mikondo yote, na wale watoto wanaokuja hawajanywa hata chai.

"Wamo, Bibi," akasema. "Ila hawaonekani."

Nasikia huko juu waliachaga kutangaza shule bora na shule mbovu. Habari hiyo kwenye kata yetu haijafika. Kwetu shule ya kwanza inapewa kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ya mwisho inapewa kinyago, ikae nacho ofisini mwaka mzima, ione aibu.

Mwaka ule barabarani wakawa wa kwanza na sie wa mwisho. Tuliitwa wote uwanjani, uwanja wetu wenyewe, kushuhudia. Afisa wa kata akakinyanyua kinyago juu. Ni gogo zima la mpingo, lina watu wamepandana kuanzia chini hadi juu, huyu mguu begani kwa yule, yule mkono kiunoni kwa huyu.

"Mnaona watu wanavyokanyagana kugombea juu?" akasema afisa. "Nyie korongoni ndio hawa wa chini."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akakipokea, akakifunika kwa koti lake kama mtu aliyeiba kuku.

Mie nilikuwa nimekaa na kamati, natazama kazi ya watu wa kwetu Newala. Wa kwanza wamepata bati, wa mwisho tumepata mpingo, na hakuna aliyeona ajabu. Sitadanganya kwamba niliuona mkono wa baba mle. Wachongaji ni wengi, na waliopotea mjini ni wengi. Ila nilimnong'oneza mwalimu kwamba kwetu hawa tunasema wanabebana, hawakanyagani.

"Bibi, kwenye ripoti wameandika wanakanyagana," akanijibu.

Tangu hapo watoto wetu wakapata jina. Bombani unasikia, "Kinga upesi, wewe wa kinyago." Mjukuu wangu alikuwa darasa la sita. Mama yake anauza chakula Kipawa, mtoto nalea mie. Ni mtoto wa taratibu. Kwenye mtihani anamaliza nusu ya karatasi, na ile nusu yote anapata. Walimu wanamwita mzito.

Mwaka ulipokaribia kuisha, mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sema, nimeacha maharage jikoni."

"Ni mjukuu wako. Tunaona abaki tena darasa la sita. Akomae kidogo."

"Amefeli?"

"Hajafeli."

"Anaumwa?"

"Haumwi, Bibi. Anashusha."

"Anashusha nini?"

"Wastani."

Nikamwuliza kama anashusha peke yake. Akasema wapo wenzake, na wazazi wao ataongea nao mmojammoja. Wote hao wakibaki nyuma, darasa la saba linakuwa jepesi na shule inapanda. Hesabu wameshaipiga.

"Na mwakani?"

"Mwakani watakuwa wamekomaa."

"Wasipokomaa?"

Akatazama dirishani. "Tutaangalia."

Mjukuu wangu alikuwa tayari anakaa dawati moja na watoto anaowazidi kimo. Mwaka wa ziada ungemweka katikati ya wadogo, anapita bombani anaitwa wa kinyago aliyekariri darasa. Namjua. Asingemaliza huo mwaka. Angekuja jikoni kwangu kusema anataka kunisaidia kuuza mayai, kama mie nilivyokwenda kwenye mihogo, na ukurasa wake ungeishia hapo.

Nikamwambia mwalimu kwamba Kunduchi tulikuwa tunachekecha, kokoto huku, vumbi kule, na hata vumbi tulikuwa tunaliuza.

"Bibi, wastani haununui vumbi."

Nikaona mafumbo hayatanisaidia. "Mwanangu," nikamwambia, "hebu nieleze, unaogopa nini hasa?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kinyago kilikuwa juu ya kabati, amekigeuza kikatazama ukutani.

"Kila mgeni akiingia anakigeuza, anacheka, ndipo ananisalimia," akasema. "Na mke wangu anafundisha barabarani."

"Kwa hiyo anakusema?"

"Hasemi kitu. Ila siku hizi anapika huku anaimba."

Nilimhurumia, kusema kweli. Mtu mzima, ana digrii, nyumbani anaimbiwa.

"Basi nipe mie hicho kinyago," nikasema.

"Hapana, Bibi, hiyo ni mali ya kata."

"Nakutunzia. Wakikuuliza, waambie mchwa wameingia ofisini, umekipeleka kwa mwanakamati."

Akakitazama. "Mchwa wanakula hiki?"

"Wanakipenda kweli," nikasema. Mpingo, jamani. Mchwa hata meno hana ya kuujaribu. Ila mtu wa Bukoba atajulia wapi.

"Halafu wewe unataka nini?"

"Watoto wavuke. Wangu na wa wenzangu, wote."

"Na tukiwa wa mwisho tena?"

"Hutakuwa na mzigo wa kubeba. Mzigo wenyewe uko kwangu."

Akapangapanga kalamu zake. Kisha akauliza kama nina kanga ya kukifunikia. Nikamwambia mie si mwizi. Nikakitia kichwani, nikakatiza uwanjani saa ya mapumziko, shule zote mbili zikiwa nje. Wa barabarani mmoja akapaza sauti, "Wa kinyago huyo!"

"Shikamoo hatujaisikia," nikamwambia.

"Shikamoo, Bibi," wakaitikia kundi zima.

Mjukuu wangu alikikuta mezani, akakizunguka.

"Bibi, hawa ndio wanaokanyagana?"

"Wanabebana."

Akainama, akamgusa yule wa chini kabisa. "Huyu kachoka."

Nikamwambia alete kitambaa amfute vumbi.

Walivuka wote darasa la saba. Mtihani wa ujirani mwema ukaja, na sie tukawa wa mwisho tena, tena bila ubishi. Kata ikapata tabu: sherehe imeandaliwa, maturubai yamefungwa, kinyago hakipo. Wakamtuma mwalimu mkuu aje kukiazima. Nikakipeleka mwenyewe. Afisa akamkabidhi mwalimu, watu wakapiga makofi, mwalimu akanikabidhi mie, nikarudi nacho nyumbani kabla soda hazijagawiwa. Mwalimu hakufunika kitu kwa koti safari hii. Sijui kama mkewe aliimba.

Kisha ukaja mtihani wenyewe wa serikali. Mjukuu wangu akafaulu, wala si kwa kutisha. Alimaliza zaidi ya nusu ya karatasi, basi. Akapangiwa sekondari ya kata. Walio wengi wa barabarani, wale wa kikombe, nao wakapangiwa sekondari hiyohiyo ya kata, kwa sababu ndiyo iliyopo. Nilimsindikiza siku ya kwanza, nikaona wa kikombe na wa kinyago wamebanwa kwenye dawati moja, watatu watatu, hakuna hata mwalimu mmoja anayeuliza nani alitoka upande gani wa uwanja. Anayekaa naye ni binti wa barabarani, yule aliyekuwa akimfukuza bombani. Sasa anamwazima rula.

Walimu wa sekondari nao juzi wametuita kikao. Wanasema kuna mtihani wa kulinganisha shule za sekondari jirani, na wana wasiwasi na wastani. Nikawauliza kama wa mwisho atapewa kitu. Wamesema bado wanatafakari.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne, Madale, na hati yake. Vyumba viwili vya kupangisha, upande wa barabarani. Banda la kuku wa mayai. Mashine ya kufyatulia tofali. Lundo la kokoto, za kununua, siku hizi sipondi. Nyundo ya Kunduchi, mpini si ule wa kwanza. Mjukuu wa kidato cha kwanza, ambaye ni wa mama yake, mie namtunza. Na kinyago kimoja cha mpingo, mali ya kata, kiko juu ya friji. Wakikitaka wanajua kilipo.