Zimeoshwa

Sokoni walimwita Mama Usafi, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Wenzake waliuza saladi na giligilani zenye tope mizizini. Yeye kila asubuhi aliinama kwenye mfereji uleule uliomwagilia bustani yake, akasuuza fungu moja moja mpaka majani yakametameta. Mteja akisema ataziosha tena nyumbani, alinuna kana kwamba katukanwa. Mboga zake zililiwa mbichi, hapohapo mezani, na waliofanya hivyo aliwapa nyongeza.

Binti yake aliposhika mimba, ndiyo kabisa. Kila jioni alimpelekea bakuli la majani mabichi, akakaa kumwangalia mpaka alimalize, maana mjamzito anahitaji damu, na mama huyu hakuwa mtu wa kubishiwa.

Sasa binti alikuwa amelazwa. Macho yalikuwa ya manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na hata tone la maji halikukaa tumboni. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema virusi vimeshambulia ini, na kwa mwenye mimba ugonjwa huu hauna mzaha: huenda mtoto akapotea, au wote wawili. Kisha akauliza mgonjwa alikuwa anakula nini. Mama Usafi alizitaja mboga zake bila wasiwasi, akaongeza kwamba zimeoshwa.

"Zimeoshwa kwa maji gani, mama?"

"Ya mferejini. Yanatiririka, dokta. Meupe, unaona mpaka chini."

Daktari aliinamisha macho. Akaeleza polepole kwamba watu wa afya wamegundua huko juu bomba la maji taka limepasuka, linavujia mferejini, na virusi havionekani hata maji yawe meupe namna gani. Mama Usafi aliitikia tu. Akili yake ilikuwa kwenye lile bakuli, na jinsi alivyomkaripia binti siku alipotaka kubakiza. Alijichukia.

Alitoka akaketi kwenye benchi la koridoni. Mara muuguzi akampita mbio, akaingia kwa binti na kufunga mlango.

Pembeni yake alikuwa ameketi fundi cherehani, mteja wake wa siku nyingi, kapakata bakuli lililofunikwa. Fundi alimsalimia kwa furaha. Mumewe kalazwa wodi ya pili, alisema, macho manjano, chakula hakitaki, basi kamletea saladi. Hakuiosha wala nini, si anajua imetoka kwa nani?

Mama Usafi angeweza kunyamaza. Soko zima lingeendelea kumsifu.

"Dada, usimpe," alisema, akalishika lile bakuli. "Ugonjwa umo humu. Binti yangu yuko mle ndani, nimemlisha mwenyewe."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Kisha akashika mdomo. Fungu lililobaki alikuwa amewaachia watoto nyumbani.