Java ya Mume na Java ya Mke

Wanafunzi walimwita Madam Tena, kwa kuwa kila programu ilipogoma alisema, "Jaribu tena." Chuoni alifundisha Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza ilifundishwa na mumewe, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Kila muhula walimjia wamenuna. "Madam, hii lugha ina laana," mmoja alimwambia hata kompyuta haijawaka. Mistari ya mwanzo wa programu waliijua kama kasuku, bila kujua inafanya nini. Mtihani wao wa mwaka wa kwanza ulikuwa wa kalamu na karatasi. Ukisahau nukta-mkato, swali zima limekwenda na maji.

"Umewakaririsha tu!" alimfokea mumewe jikoni.

"Nimewapa nidhamu," mume alijibu, akiendelea kumenya vitunguu.

Ndipo dada wa mume, fundi cherehani aliyerudi shule ukubwani, akajiandikisha. Jioni moja aliingia sebuleni akatupa mkoba kwenye kochi.

"Kaka, nimekuuliza darasani lile neno la mstari wa kwanza lina kazi gani, unaniambia niandike tu, nitaelewa mbele ya safari. Mbele wapi? Wifi, hii Java yenu ya kichawi naiacha!"

"Java haina kosa, wifi yangu. Mwenye kosa ni kaka yako."

Mume akatua kikombe. "Basi chukua wewe mwaka wa kwanza, tuone!"

Madam Tena akachukua. Aliwapa programu iliyokwisha andikwa, ya kukadiria kitambaa cha gauni, akawaambia waivuruge waone italalamika nini. Wifi alichezea vipimo mpaka gauni moja likataka kitambaa cha kufunika chuo kizima. Darasa lilivunjika mbavu. Muhula ulipoisha, kila mmoja aliapa kwamba Java ni mteremko.

Mwaka uliofuata mume akawapokea hao hao, sasa wakiwa mwaka wa pili. Siku ya kwanza alirudi amefura.

"Umewadekeza! Nimewapa ukurasa mtupu, wananikodolea macho. Mmoja ananiuliza, mwalimu, ya kuvuruga iko wapi?"

Madam Tena alifungua mdomo ajibu, akamtazama wifi yake.

"Ni kweli," wifi alisema, kompyuta mapajani. "Kuanza wenyewe hukutufundisha. Lakini nyie mnalala kitanda kimoja, mnashindwa nini kuongea?"

Mume akavuta kiti kwa kishindo. "Haya. Wiki ya kwanza tunaanzaje?"

"Si kwa mistari yako ile."

"Wala si kwa vichekesho vyako."

Walibishana mpaka wifi akachukua kompyuta yake akahamia chumbani.