Siku Nilipoiita Vita Ngoma

Nilipaswa kukataa pale pale. Nilikuwa kwenye mizani ya pamba, Mhunze, siku ya mauzo kama nyingine, wakulima wakigombania foleni, afisa wa kuandikisha askari wa Mwingereza aliponiomba niitafsiri sinema yake kwa Kisukuma. Nilikuwa karani, nimesoma sekondari, na nilipenda watu wajue hivyo. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Tuliziba milango ya ghala kwa magunia ili pawe na giza. Watu wakakaa juu ya pamba yao.

Sinema ilihusu mashujaa wa kale wa nchi ya mbali, wenye mikuki na ngao. Walipigana polepole mno. Miili yao iling'aa kwa mafuta, waliruka pamoja, wakaanguka kwa zamu kana kwamba wamefundishwa. Nikatafsiri kwamba ndivyo wanaume wanavyoilinda nchi.

"Ng'ombe wao wako wapi?" akauliza mzee mmoja. "Wanapigania nini?"

"Na mafuta yote hayo, wanakwenda harusini?"

"Hii si vita, ni mbina!" akapaza sauti mwanamke mmoja, yaani ni ngoma tu. Ghala zima likacheka. Wanawake wakapiga vigelegele kila shujaa alipokufa.

Afisa akaniuliza wanacheka nini. Ningemwambia ukweli, tungefunga mashine tukaenda zetu. Lakini niliona aibu, kana kwamba wananicheka mimi. Nikasimama mbele ya kitambaa, picha zikinipita usoni.

"Ndiyo, ni mbina!" nikasema. "Kubwa kuliko zote. Bagalu wameshajiandikisha. Bagika mnangoja nini?"

Bagalu na Bagika ni vyama vyetu viwili vya ngoma, vinavyoshindana kila baada ya mavuno. Hakuna Mgalu hata mmoja aliyekuwa amejiandikisha. Niliyatunga papo hapo.

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu Masanja, mtunzi wa nyimbo za Bagika, akasimama. Sikujua kama yumo.

"Bagalu watutangulie? Watatuimba mpaka kwa wajukuu!"

Akawa wa kwanza kuweka dole gumba kwenye karatasi. Mimi nikajiandikisha baada yake, nikijidanganya kwamba nitamlinda.

Safarini nilijaribu mara kadhaa kumwambia. Kila mara nilikuta jambo jingine la kusema.

Tulifika Bama, yaani Burma, wakati wa mvua. Mchana mmoja tulikuwa tumelala kifudifudi matopeni, chini ya mianzi, mizinga ya adui ikitutafuta.

"Kaka," Masanja akaninong'oneza, "hao Bagalu wako kikosi gani? Nimeuliza kila Msukuma hapa. Wimbo wa kuwakejeli uko tayari, utawauma hao!"

"Wako mbele," nikamjibu.

Sajini akataka mtu wa kupeleka risasi mbele.

Masanja akanyanyua mkono.

Nilimshika mkanda. Akanigeukia, akangoja niseme kitu.

Nikamwachia.

Alitambaa vizuri, kichwa chini, kasha la risasi likiburutwa nyuma yake. Bomu la kwanza liliangukia kijitoni.

La pili silikumbuki. Nakumbuka mianzi ikiwaka kwenye mvua.

Tulizika kilichopatikana.

Nilirudi Mhunze peke yangu. Nikamweleza Mama yote, pamoja na uongo wa ghalani na ule wa matopeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa nini hukuwaacha watu wacheke?"

Masanja alikufa kwa neno langu, si kwa bahati mbaya ya vita kama jamaa wanavyonifariji. Binti yake, Kabula, alikua bila baba, na alipoolewa sikualikwa. Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila asubuhi aliitikia salamu yangu, akaishia hapo, mpaka tulipomzika.